Barua ya Chuo cha Marekani: Jinsi ya Kutenganisha Zawadi na Deni

Barua ya chuo hufika mwezi wa tatu au wa nne. Juu imeandikwa hongera, chini yake jumla: msaada wa dola 50,500 kwa mwaka. Kufikia jioni picha ya barua imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi aliyeko Nairobi ameshapiga simu kutoa pongezi. Mwezi wa nane inakuja bili ya maelfu, na nyumba nzima inaulizana zile 50,500 zimekwenda wapi.

Hazikwenda popote. Dola 16,605 kati yake zilikuwa deni tangu mwanzo, na 2,500 nyingine zilikuwa ujira wa kazi ambayo mtoto bado hajaifanya. Vyuo vya Marekani huweka vyote hivyo chini ya neno moja, "aid", na kila chuo hupanga barua yake kinavyopenda. Kwa familia ya Kiswahili iliyoko Louisville, Nashville au Minneapolis, ambayo pengine ndiyo kwanza inapeleka mtoto wa kwanza chuoni, kuijua barua hiyo kuna thamani kuliko kujaza maombi ishirini ya ufadhili mdogo mdogo.

Kalamu mbili

Anza kwa kutafuta bei kamili ya mwaka, inayoitwa "cost of attendance". Ndani yake mna ada, malazi, chakula, vitabu, usafiri na matumizi madogo. Barua nyingine haiandiki kabisa bei hiyo. Ikiwa hivyo, pigeni simu chuoni muiulize kabla ya kufurahi.

Kisha chukua kalamu mbili. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila penye neno "grant" au "scholarship". Hiyo ni pesa isiyorudishwa. Kwa rangi ya pili pigia mstari kila penye "loan", hata kama imefupishwa kuwa "sub", "unsub" au "PLUS". Huo ni mkopo. Penye "work-study" pasipigwe mstari. Hiyo ni nafasi ya kutafuta kazi chuoni: mtoto akiipata, atalipwa kwa saa alizofanya, na bili ya mwezi wa nane haipungui hata senti.

Tuseme mtoto ana barua mbili. Chuo binafsi kina bei kamili ya 56,000. Kimempa ufadhili wake wa 24,000, ruzuku ya serikali kuu ya 7,395, work-study ya 2,500, mkopo wa mwanafunzi wa 5,500 na mkopo wa mzazi wa 11,105. Hizo ndizo 50,500. Chuo cha jimbo kina bei ya 25,000, nacho kimempa 7,395 zilezile za serikali kuu, 4,000 za jimbo, 3,000 za chuo chenyewe, na mkopo wa 5,500. Jumla 19,895. Ukitazama jumla, chuo cha kwanza kimekuwa mkarimu mara mbili na nusu. Ukitoa zawadi peke yake kwenye bei, chuo binafsi kinaiachia familia 24,605 kwa mwaka na chuo cha jimbo 10,605. Tofauti ni 14,000, na kwa miaka minne ni 56,000.

Usihitimishe kwamba chuo binafsi ni ghali siku zote. Vyuo vyenye hazina kubwa huwapa watoto wa kipato cha chini zawadi nono kiasi kwamba bei yao halisi hushuka chini ya ile ya chuo cha jimbo. Kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, Harvard haidai chochote kwa familia zenye kipato kisichozidi 100,000 na mali za kawaida. Tatizo la vyuo vya aina hiyo ni kuingia. Kwa vingine vyote, kila chuo kinachopokea fedha za wanafunzi za serikali kuu kinalazimika tangu 2011 kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Andika maneno "net price calculator" pamoja na jina la chuo, weka kipato na idadi ya watu nyumbani, na baada ya dakika kumi au ishirini utapata makadirio. Ifanyeni kazi hiyo kabla ya kutuma maombi, wakati bado mnaweza kubadili orodha ya vyuo.

Mikopo haifanani

Mkopo wa mwanafunzi kutoka serikali kuu una mipaka: kwa mtoto anayehesabiwa chini ya wazazi, 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kwa kila mwaka unaofuata, na jumla isiyozidi 31,000 kwa shahada ya kwanza. Sehemu yake, hadi 3,500 mwaka wa kwanza, ni ile "subsidized": serikali hulipa riba mtoto akiwa masomoni na miezi sita baada ya kumaliza. Inayobaki huanza kuzaa riba siku inapotoka. Kwa mikopo ya 2025–26 riba ni asilimia 6.39. Familia ya Kiislamu inayoepuka riba ijue kwamba hata ile "subsidized" hutoza riba baada ya muda huo. Kwao njia ya kuanzia chuo cha jamii ("community college", cha miaka miwili), tutakayoifikia, ina uzito zaidi.

Mkopo wa mzazi, PLUS, ndio wa kuogopwa. Riba yake kwa 2025–26 ni asilimia 8.94, na zaidi ya asilimia 4 hukatwa kabla pesa haijafika chuoni. Deni ni la mzazi mwenyewe. Serikali haimhamishii mtoto deni hilo hata akipata kazi nzuri. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 umewekewa kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto, lakini bado hizo ni pesa za kununulia nyumba katika miji mingi. Kuuona kwenye barua hakukulazimishi kuuchukua. Na mzazi akiomba akakataliwa kwa sababu ya historia mbaya ya mikopo, si msiba: mtoto anaruhusiwa kukopa 4,000 za ziada kwa jina lake katika mwaka wa kwanza, kwa riba ndogo kuliko ya mzazi.

Fomu inayofungua mlango

Zawadi za serikali kuu, nyingi za majimbo, na nyingi za vyuo hupitia fomu moja, FAFSA, iliyoko studentaid.gov. Ni bure. Anayekudai pesa ili aijaze anauza maji mtoni. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata, na kipato kinachotumika ni cha miaka miwili nyuma: fomu ya 2026–27 inaangalia kodi ya 2024. Fomu inabaki wazi muda mrefu, lakini msiipe siku. Baadhi ya ruzuku za majimbo, kama CAP ya Kentucky na MAP ya Illinois, hutolewa mpaka mfuko ukauke. Mwenye sifa aliyejaza mwezi wa pili anaweza kukosa kile alichopewa jirani yake aliyejaza mwezi wa kumi.

Familia nyingi hazijazi kwa kuamini kwamba zinapata pesa nyingi mno. Hapa ndipo ukubwa wa familia zetu unapogeuka kuwa faida. Tangu fomu ilipobadilishwa kwa mwaka wa 2024–25, ile ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu ni 7,395 kwa mwaka, hutolewa nzima kwa mtoto wa wazazi wawili ikiwa kipato chao hakizidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini cha serikali, na kwa mtoto wa mzazi mmoja ikiwa hakizidi asilimia 225. Kiwango hicho hupanda kwa kila kichwa kinachoongezeka nyumbani. Kwa fomu ya 2026–27, wazazi wawili wenye watoto sita, yaani watu wanane, wanaweza kuingiza hadi 92,260 na mtoto akapata Pell yote. Baba na mama wanaofanya kazi ghalani kwa dola 18 kwa saa, mwaka mzima bila likizo, wanapata 74,880. Wamo ndani. Mama peke yake mwenye watoto wanne yumo hadi 82,305.

Anayehesabiwa ni anayeishi nyumbani kwenu na kutegemea wazazi kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Bibi mnayeishi naye na kumtunza anahesabiwa. Ndugu waliobaki kambini Nyarugusu hawahesabiwi, na pesa mnazotuma kila mwezi Kakuma au Bujumbura hazina kisanduku katika fomu hiyo.

Kuhusu mali: nyumba mnayoishi haiulizwi, wala akiba ya uzeeni. Kiwanja cha Goma au nyumba ya kupangisha Kigamboni vinaulizwa, kwa thamani yake baada ya kutoa deni. Salio la benki ni la siku unayosaini. Kama zamu yako ya upatu, au likelemba kama wasemavyo Wakongo, itaingia Ijumaa, hakuna kosa kusaini Jumatano. Wenye kipato chini ya 60,000 na ritani ya kodi isiyo na mambo mengi, au waliopokea msaada wa chakula wa SNAP, kwa kawaida hawahesabiwi mali kabisa.

Nani ni mzazi

Swali hili ndilo linalokwamisha familia zetu kuliko lingine lolote, kwa kuwa fomu ina maana nyembamba ya mzazi kuliko Kiswahili. Kwetu baba mdogo ni baba. Kwa FAFSA mzazi ni aliyekuzaa, aliyekuasili kisheria, au mwenzi wa ndoa wa mzazi huyo. Shangazi aliyekulea tangu ukiwa na miaka mitano haingii, na kipato chake kisiandikwe, hata kama ndiye anayekulisha. Wazazi waliotengana: anayejaza ni aliyetoa pesa nyingi zaidi za matunzo katika miezi 12 iliyopita.

Ambaye wakati wowote tangu alipotimiza miaka 13 alikuwa hana mzazi hata mmoja aliye hai, au alikuwa chini ya malezi ya kambo ya serikali, au ambaye mahakama ya jimbo lake ilimpa mlezi wa kisheria, huhesabiwa kuwa anajitegemea. Vivyo hivyo mwenye ndoa, mwenye mtoto anayemtunza, na aliyefikisha umri wa miaka 24. Hawa hawahitaji taarifa za mzazi yeyote.

Je, wazazi wako hai lakini wako Kivu, na mtoto alikuja na mjomba? Sheria inataja hadhi ya ukimbizi au hifadhi kuwa miongoni mwa mazingira yasiyo ya kawaida pale mwanafunzi anaposhindwa kuwasiliana na wazazi wake, au pale kuwasiliana nao kunapomhatarisha. Katika fomu kuna swali linalohusu hali hiyo. Akijibu ndiyo, fomu hupita bila wazazi, kwa muda. Chuo ndicho kinachoamua mwisho, na ushahidi unaweza kuwa barua ya mshauri wa shule au mwanasheria, au hata mahojiano yaliyoandikwa na ofisi ya misaada ya chuo. Mtoto asibuni wazazi na asimwandike mjomba. Aseme ukweli na aombe kusikilizwa.

Majina, tarehe na simu moja ya nyumbani

Kila anayechangia fomu, mtoto na mzazi, huwa na akaunti yake, yenye barua pepe yake na namba yake ya simu. Mtoto anayejua kompyuta akifungua akaunti mbili kwa namba moja ya simu, mfumo humkatalia. Na akisaini kwa niaba ya mama amevunja sheria hata kama mama amekaa pembeni yake. Mzazi lazima pia akubali taarifa zake za kodi zivutwe kutoka idara ya kodi. Asipokubali, mtoto hapati senti ya serikali kuu, hata kama familia ni maskini kiasi gani.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, si kama anavyoitwa nyumbani. Waliopita kambini wanajua: karani aliandika jina la babu mahali pa ukoo, akageuza mpangilio, akampa kila mtu tarehe 1 Januari ya kuzaliwa. Kama kadi moja inasema hivi na nyingine vile, rekebisheni kwanza kwenye ofisi ya Social Security, maana fomu hulinganisha na kumbukumbu zao.

Mkimbizi, aliyekwisha kupewa hifadhi, na mwenye kadi ya kijani hujaza kama "eligible noncitizen" na kuweka namba ya uhamiaji, ile inayoanza na A, yenye tarakimu tisa. Ikiwa ni nane, sifuri hutangulia. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi hapati pesa za serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo na vyuo vina fungu lao kwa ajili yake. Jambo linalosahaulika: mtoto mwenye kadi ya kijani aliyekuwa chini ya miaka 18 na kuishi na mzazi wake siku mzazi alipoapa uraia, amekuwa raia siku hiyohiyo. Ajaze raia. Social Security huenda bado wanamwona mgeni, na hapo chuo kitamwomba pasipoti au cheti cha uraia; ni vizuri kuwa navyo mapema.

Kuomba tena

Kodi ya miaka miwili nyuma haijui kwamba kiwanda kimepunguza saa mwaka huu, au kwamba baba ameumia mgongo. Ofisi ya misaada ya chuo ina mamlaka ya kubadilisha takwimu kulingana na hali ya sasa. Ombi hupelekwa chuoni, wala si serikalini, na kila chuo kina fomu yake. Ukurasa mmoja unatosha: nini kilibadilika, lini, na kipato kimeshuka kutoka ngapi hadi ngapi. Ambatisha barua ya kuachishwa kazi, hati za mshahara za karibuni, bili za hospitali. Maombi mengi hukwama kwa kulalamika kwamba chuo ni ghali bila takwimu hata moja. Na chuo kikiandika kwamba mmechaguliwa kwa uhakiki ("verification"), hiyo si tuhuma. Ni kupeleka hati walizoomba kabla ya tarehe waliyoweka. Kunyamaza ndiko kunakofuta msaada.

Kupunguza bei yenyewe

Mwaka 2024–25 wastani wa ada ya mwaka katika chuo cha jamii ulikuwa kama 4,050. Katika chuo cha jimbo cha miaka minne, kwa mkazi wa jimbo, 11,610. Pell nzima hulipa ada ya chuo cha jamii na kubakiza, na kinachobaki mtoto hukabidhiwa kwa ajili ya vitabu na nauli. Tennessee ina Tennessee Promise, inayofuta ada iliyobaki kwa mhitimu wa sekondari anayekwenda chuo cha jamii, kwa masharti ambayo ni pamoja na FAFSA na saa nane za kujitolea kila mhula. Hatari ya njia hii ni masomo kutokubalika katika chuo cha miaka minne atakachohamia. Kabla ya kuchagua somo lolote, mtoto apate kwa maandishi makubaliano ya uhamisho kati ya vyuo hivyo viwili, kwa fani anayoitaka hasa.

Kentucky kuna Berea College, ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Kimejengwa kwa ajili ya watoto wa kipato kidogo, na kipo mwendo mfupi kutoka Lexington, mji wenye Waswahili wengi.

Kifaransa cha nyumbani nacho ni pesa. Mtihani wa CLEP wa Kifaransa hugharimu kama dola 100, na chuo kinachoukubali kinaweza kumpa mtoto wa Bukavu krediti sita au zaidi, yaani masomo mawili asiyoyalipia. Kiswahili hakina mtihani huo, lakini muulizeni mshauri wa sekondari kuhusu cheti cha lugha mbili, Seal of Biliteracy. Baadhi ya vyuo hukigeuza kuwa krediti.

Kuna mtego wa hesabu ambao hakuna anayewaambia. Krediti 12 kwa mhula humfanya mtoto ahesabiwe wa muda wote na apate Pell nzima. Lakini shahada nyingi zinahitaji 120, na 12 mara mihula minane ni 96. Anayetaka kumaliza kwa miaka minne achukue 15, la sivyo atalipa mwaka wa tano.

Mwezi wa nane

Bili ikifika isome mstari kwa mstari. Vyuo vingi huweka bima ya afya ya mwanafunzi, mara nyingi maelfu ya dola, bila kuuliza. Mtoto mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au bima ya kazini kwa mzazi hujaza fomu ya kuikataa, nayo huwa na tarehe ya mwisho karibu na mwanzo wa mhula. Ikipita, mnalipa.

Masomo yakianza, mtoto akitaka kuacha mhula apite kwanza ofisi ya misaada. Akiacha kabla ya asilimia 60 ya mhula, ambayo kwa mhula wa wiki 15 ni wiki ya tisa hivi, sehemu ya pesa za serikali hurudishwa, na chuo humgeuzia yeye deni hilo. Vyuo vingi hutaka pia wastani wa alama (GPA) wa 2.0 na kufaulu asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Akishuka, msaada husimama mpaka arekebishe au akubaliwe rufaa.

Kila Januari chuo hutoa karatasi ya kodi iitwayo 1098-T. Mpelekee anayewajazia kodi. Kwa 4,000 za kwanza za ada na vitabu mlizolipa wenyewe au kwa mkopo, familia yenye sifa hupunguziwa kodi hadi 2,500, na hadi 1,000 kati yake hulipwa taslimu hata kama hamkudaiwa kodi yoyote. Fomu ya FAFSA hujazwa upya kila mwaka. Ya mwaka wa pili hufunguliwa mtoto akiwa na wiki chache tu chuoni.